Aliyelivua Gari

Pale kwenye yadi ya kuuza magari, gari halikuoshwa kabla ya kuvuliwa. Ndivyo walivyosema wenyewe. "Lile jekundu limeshavuliwa?" "Bado, liko kwa Kitambaa."

Kitambaa alikuwa mwanamke mwembamba, mama wa mtoto mmoja, mwenye mkono mwepesi na maneno machache. Wauzaji walimpa jina hilo kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkuta hana kitambaa: kama si mkononi, basi begani, kama si begani, amekichomeka kiunoni kama upanga. Mtaani kwake aliitwa Mama Kifaranga, maana bintiye alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo wa kutia huruma, na nywele zake zikasimama laini kama za kifaranga aliyepasua yai asubuhi ile. Jina la kwenye cheti lilibaki kwenye cheti.

Kulivua gari kulikuwa hivi. Magari ya yadi ile yalikuja yakiwa yameshatumika, mengi yao na watu wa mbali, na kila moja lilikuja na maisha ya watu ndani yake. Kwenye nyufa za viti kulikuwa na pini za nywele, makombo ya biskuti, sarafu ambazo hapa hazinunui hata kiberiti. Chini ya mikeka kulikuwa na mchanga wa barabara ambazo Kitambaa hatazikanyaga maisha yake yote. Aliyatoa yote. Kisha alichukua kisu butu na maji ya moto, akakwangua stika: zile za ukingoni mwa mlango na za chini ya boneti, ambazo mafundi huandika oili imebadilishwa lini na gari limetembea kiasi gani. Mwisho alifungua kile kidroo kilicho mbele ya abiria, akakomba karatasi zote zilizomo. Karatasi na stika zilikwenda kwenye pipa nyuma ya ukuta, na alasiri pipa liliwashwa moto.

"Mama," Tajiri, mwenye yadi, alimwambia siku ya kwanza, "mtu akinunua suruali ya mtumba, atafurahi akikuta leso ya mwenzake mfukoni?"

"Hatafurahi, bosi."

"Basi. Gari likitoka mikononi mwako lisiseme neno. Liwe kama bibi harusi."

Kitambaa alikubali, tena kwa moyo wote. Kwake lilikuwa jambo la usafi. Yeye mwenyewe alikulia kwenye chumba kimoja na ndugu wengi, akavaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na kila mtu, na alijua raha ya kupata kitu kisichonuka mwenzako. Shule alimaliza ya msingi, akajua kusoma polepole na kuandika vizuri, lakini karatasi nyingi za mle ndani ziliandikwa kwa herufi za kigeni, kama njiti za kiberiti zilizomwagika sakafuni. Alizitupa kama anavyotupa maganda.

Ndipo likaja lile gari la rangi ya fedha.

Lilikuwa gari la familia, refu kidogo nyuma, na alipofungua mlango halikumpiga kwa harufu ya sigara wala ya mbwa. Lilinukia sabuni. Nyuma ya kiti cha dereva kulikuwa na alama za vumbi, ndogo, mbili mbili, zimepangana juu kwa chini: nyayo za viatu vya mtoto aliyekuwa akikipiga kiti mateke akiwa safarini. Kitambaa alisimama akaziangalia. Alicheka peke yake. Kifaranga naye alikuwa hivyo hivyo. Ukimbeba mgongoni, mbavu zako zitajua. Akazifuta, lakini alizifuta kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Kwenye kidroo alikuta bahasha nene. Karatasi zake zilikuwa zimepangwa, zimebanwa kwa pini, kila moja na muhuri wake, nyingine na michoro midogo ya vyuma na mishale. Aliipima mkononi. Kitu cha kwanza kilichomjia ni kadi ya kliniki ya Kifaranga. Kwa kuwa mtoto alizaliwa njiti, kadi ile ilijaa hadi ikabidi nesi abandike karatasi nyingine nyuma, na siku moja nesi aliinyanyua juu mbele ya akina mama wote waliokaa kwenye benchi: "Mnaiona hii? Kadi nyeupe ni aibu. Huyu mama anajali." Hakuna siku Kitambaa aliyosifiwa mbele za watu kuliko siku ile. Basi alipoishika bahasha alijisemea, kumbe hata gari huwa na mama.

Halafu aliitia motoni, kwa sababu alasiri ilikuwa imefika na pipa lilikuwa linawaka. Bahasha nene haishiki moto upesi. Ilibidi aigeuze kwa kijiti.

Jioni alimsimulia mumewe uzuri wa gari lile; bahasha hakuitaja, maana kwake ilikuwa takataka kama nyingine. Baba Kifaranga alikuwa dereva, mtu wa kucheka kwa sauti ambaye siku hizo alikuwa hacheki. Gari alilokuwa akiliendesha kubeba abiria halikuwa lake. Kila jioni alimpelekea mwenye gari hesabu yake na kubaki na kilichobaki, ambacho mara nyingi kilikuwa mgongo unaouma. Sasa mwenye gari alikuwa ameozesha binti, na gari limepata mkwe wa kuliendesha. "Mpaka mwisho wa mwezi," alimwambia. Mama yake Baba Kifaranga aliposikia, aliuza kiwanja chake, kile alichosema siku zote kuwa atajenga akistaafu kuuza nguo, akamkabidhi mwanawe fedha zote. "Nenda mwanangu," alisema, "ukachoke kwa ajili yako mwenyewe."

Kwa hiyo Baba Kifaranga alipolitaka gari lile la rangi ya fedha, halikuwa gari tu. Lilikuwa nyumba ya bibi wa mtoto, na chakula cha mtoto, na mgongo wa baba wa mtoto, vyote vimewekwa juu ya magurudumu manne.

Baba Kifaranga hakuwa mjinga. Alikuja yadini na Fundi Kobe, fundi wa mtaa, mtu mnene aliyeitwa hivyo kwa upole wake wa kutembea na wa kuamua. Kitambaa alikuwa anapangusa vioo vya gari la jirani, akasikia kila kitu.

Muuzaji aliyewapokea aliitwa Asali, na si kwa sababu ya rangi yake. Alijua kwamba Baba Kifaranga ni mume wa Kitambaa, akaanza na hilo hilo.

"Shemeji! Karibu nyumbani. Wewe hapa si mteja, wewe ni ndugu. Mwenyewe naona umependa pazuri. Kizuri chajiuza."

"Mbona nyinyi mnakitembeza?" aliuliza Fundi Kobe, kichwa chake kikiwa tayari ndani ya boneti.

Asali alicheka kuliko wote. "Fundi una maneno! Washa, sikiliza. Injini inaimba."

Ilikuwa inaimba kweli. Kitambaa alijua kwamba ilikuwa imewashwa tangu asubuhi ili ipate joto, kama walivyowasha magari yote yanayongoja wateja, lakini hilo nalo alikuwa analiona la kawaida, kama kumnawisha mtoto kabla wageni hawajaingia. Fundi Kobe alisikiliza, akainama, akanusa kijiti cha oili, akaomba walizungushe nje. Asali alisema bima ya yadi hairuhusu kutoka getini. Wakalizungusha humo humo ndani, mwendo wa kumsindikiza mgonjwa.

"Injini sina neno nayo leo," alisema Fundi Kobe alipotoka. "Leo. Lakini nataka karatasi. Oili ya giaboksi ilibadilishwa lini, mkanda wa injini ulibadilishwa lini, nani alifungua nini. Gari la hivi kule linakotoka haliwi bila karatasi za matengenezo."

"Karatasi!" Asali alimgeukia Baba Kifaranga kama wanaume wawili wanaomcheka mzee. "Shemeji, gari ni kama mke. Ukishampenda, unaanza kumwuliza zamani alikuwa wapi?"

"Mimi wangu nilimwulizia," alisema Baba Kifaranga. "Mtaa mzima. Mpaka muuza duka."

Hapo watu walicheka, hata Tajiri aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ofisi. Lakini Baba Kifaranga hakuondoka kwenye neno lake. "Kweli, ndugu yangu, naziomba hizo karatasi. Kama zipo, nalipa leo."

"Zingekuwepo ningekunyima? Haya, usinisikilize mimi, mimi ni muuzaji, naongopa. Msikilize mkeo." Akapaza sauti. "Kitambaa! Wewe ndiye uliyelisafisha hili. Uliona karatasi zozote humu?"

Alikuwa ameshika kitambaa juu ya kioo, na ndani ya kioo aliwaona wote wamemgeukia: Asali anatabasamu, Fundi Kobe amekunja uso, Tajiri mlangoni hatabasamu wala hakunji, mumewe anamwangalia kama mtu aliyefika kwao. Maji yalikuwa yanashuka mkononi hadi kwenye kiwiko. Kazi ile aliipata baada ya kuitafuta mpaka viatu vikatoboka. Na mumewe hana gari kuanzia mwisho wa mwezi.

"Sikuona kitu," alisema.

"Umesikia, shemeji."

Walipokuwa wanatoka, Fundi Kobe alimshika Baba Kifaranga begani getini. "Gari lisilo na karatasi siliwekei mkono wangu. Silisemi vibaya. Nasema tu mkono wangu hautakuwepo."

Nyumbani, Kifaranga alipokwisha kula, Kitambaa alimwambia mumewe ukweli. Alikuwa anakunja nguo, na aliendelea kuzikunja huku anasema, maana mikono yake ikikaa bure mdomo wake pia hukaa bure.

"Zilikuwepo."

Mumewe aligeuka kumwangalia. Kisha, pole pole: "Nyingi?"

Akamwonyesha kwa vidole, unene wake.

"Zimepangwa?"

"Zimepangwa, zimebanwa na pini. Mihuri kila ukurasa. Nilizichoma, Baba Kifaranga. Ndiyo kazi yangu. Sikujua kuwa gari litakuja kuwa lako."

"Ziliandikwaje?"

"Herufi zao sizijui." Akaona uso wake unavyozama, na moyo wake haukuweza kuuacha uzame. Akaenda kwenye sanduku akatoa kadi ya kliniki, akaiweka juu ya meza mbele yake, nene, imevimba, ile karatasi ya nyongeza ikining'inia. "Zilikuwa hivi. Angalia. Mtoto mwenye kadi kama hii ni mtoto wa mtu anayejali. Gari lile lilipendwa. Lilinukia sabuni. Lilikuwa na mtoto ndani."

Mumewe aliichukua kadi, akafunua kurasa moja baada ya nyingine kama vile ndizo zilizoungua. Alitaka kuamini. Mtu anayetaka kuamini humsaidia anayemdanganya, na Kitambaa hakuwa hata anadanganya.

"Kobe anaogopa kivuli chake mwenyewe," alisema mwishowe, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akacheka.

Gari likanunuliwa.

Miezi ya mwanzo ilikuwa ya asali, na si yule Asali. Baba Kifaranga aliondoka asubuhi anapiga mluzi na kurudi anapiga mluzi. Hakuna hesabu ya kupeleka kwa mtu. Jumapili aliwapakia wote, na mama yake mbele amevaa kama anakwenda kupigwa picha, na Kifaranga nyuma anaimba na kukipiga mateke kiti cha baba yake. "Wee mtoto, utanivunja figo!" baba alisema, na mtoto akazidisha.

Kisha gari likaanza kusita. Ukilitia gia, lilifikiri kwanza. Baadaye likaanza kugonga, kitu kama mtu aliyefungiwa ndani anayebisha hodi kwa adabu. Baba Kifaranga aliongeza sauti ya redio. Siku moja likiwa limejaa abiria, mlimani, lilivuma kama linakwenda na halikwenda. Likaanza kurudi nyuma taratibu, abiria wakaruka mmoja mmoja wakimlaani dereva na wazazi wake. Lilivutwa kwa kamba mpaka gereji ya Fundi Kobe, mbele za watu, dereva ndani ameshika usukani usio na kazi.

Kitambaa alikwenda gerejini siku giaboksi ilipofunguliwa. Alikuwa amepeleka chai ya mumewe kwenye chupa. Gereji ilikuwa kibanda cha mabati chenye sakafu ya udongo mweusi wa oili, na giaboksi ilikuwa imelazwa juu ya magunia, imepasuliwa. Fundi Kobe alichuchumaa karibu yake, hakusema nilikwambia. Angesema ingekuwa afadhali.

"Njoo uone," alimwambia Baba Kifaranga. "Hizi skrubu, vichwa vimeisha. Spana imepita hapa zaidi ya mara moja. Hii gundi ni nyeusi, hii ya kijivu, hii nyekundu. Watu tofauti, nyakati tofauti. Na hapa ndani mtu alichomelea." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Huyu alikuwa mgonjwa wa siku nyingi, ndugu yangu. Kafunguliwa na kufungwa, kafunguliwa na kufungwa. Kama angekuwa na faili, lingekuwa nene hivi."

Akaonyesha kwa vidole, unene wake.

Kitambaa alikuwa amesimama na chupa ya chai. Hakuidondosha. Aliendelea kuishika wima kwa mikono miwili, kama mtoto aliyetumwa na kuonywa asimwage. Alikumbuka ile kadi, na benchi la kliniki, na sifa za nesi, na kwa mara ya kwanza alikumbuka jambo jingine kuhusu kadi ile: kwamba ilijaa kwa sababu Kifaranga alikuwa anakaribia kufa.

Mumewe hakumwangalia. Kitambaa alimwona tu akikaza macho kwenye ile gundi nyekundu. Usiku ule na siku zilizofuata alingoja amkaripie, hata ampigie kelele, lakini Baba Kifaranga hakuwa mtu wa hivyo. Mara moja tu, akiwa anafunga viatu, alisema bila ukali, kama anayeuliza jambo alilolisahau, "Hivi ulisema lilinukia sabuni, eh?"

"Ndiyo."

"Sawa."

Neno lile sawa lilikaa ndani ya nyumba kama mgeni asiyeaga.

Baba Kifaranga alilitengeneza. Likakubali, likakataa. Akalitengeneza tena. Kilichopatikana njiani kiliingia kwenye giaboksi, na kilichotoka kwenye giaboksi kilikuwa mlio mpya. Mama mkwe alikuwa anapiga simu kila Jumapili. "Gari letu linaendeleaje?" Alisema letu, na sauti yake ilikuwa imejaa raha. "Linaendelea, mama," Kitambaa alijibu, akatazama dirishani gari la rangi ya fedha limesimama juu ya mawe, bila magurudumu ya mbele.

Hatimaye Baba Kifaranga alikwenda yadini kulalamika. Kitambaa alikuwepo, anakwangua stika. Alimwona mumewe akiingia amevaa shati lake la heshima, na akajua mwisho wake kabla ya mwanzo.

"Shemeji, umepotea!" alisema Asali.

"Gari mliloniuzia lilikuwa bovu tangu huko linakotoka. Giaboksi ilishafunguliwa na kuchomelewa. Mlijua. Karatasi zake zilisema, na nyinyi mlizichoma."

Asali hakukasirika. Alimshika mkono, akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akamwagizia maji. "Karatasi zipi tena, shemeji? Ulikuja na fundi wako, akakagua. Uliuliza karatasi, tukamwuliza mkeo, mbele yako, mbele ya bosi, mbele ya fundi wako. Mkeo akasema hakuona kitu. Sasa leo unataka kusema mkeo ni mwongo?" Alisubiri kidogo, kwa upole. "Au unataka nimwite tena tumwulize?"

Kisu butu kilikuwa kimesimama ukingoni mwa mlango. Kitambaa hakuinua uso. Alijisemea, aniite. Akiniita nitasema. Aniite tu. Na papo hapo alitaka asiitwe.

"Hapana," Baba Kifaranga alisema. "Usimwite."

Akanywa maji yote, akaweka glasi mezani taratibu, akaondoka. Alipita karibu na mkewe na hakusimama. Kitambaa alielewa kwamba mumewe alikuwa amekilinda kibarua chake, na kwamba mlango wa kudai ulikuwa umefungwa na yeye Kitambaa mwenyewe, kwa maneno mawili, siku ile ya kioo.

Baada ya hapo halikubaki jambo la kufanya ila kuliuza. Hakuna mtu mtaani aliyelitaka. Mtaa mzima ulikuwa umeliona likivutwa kwa kamba. Yadi ndiyo iliyokubali, kwa bei ya kilo za chuma, na Asali akasema anafanya hivyo kwa ajili ya undugu. Jioni ya mwisho kabla halijachukuliwa, Baba Kifaranga alikwenda kwa Fundi Kobe akamwomba aandike kila kitu: lilifunguliwa lini, nini kilichomelewa, nini kilibadilishwa, nini hakitapona. Fundi Kobe aliandika polepole, kwa lugha ya kila mtu, akaweka na risiti za vipuri. Baba Kifaranga alizipanga, akazibana kwa pini, akazitia kwenye bahasha na bahasha kwenye kidroo.

"Unafanya nini?" Kitambaa alimwuliza.

"Atakayelinunua ajue." Akafunga kidroo, kikalia tiki. "Kuna mtu mahali fulani na yeye mama yake ameuza kitu."

Kitambaa hakusema kile walichokijua wote wawili, kwamba gari likifika yadini linapita kwa nani kwanza.

Lilifika asubuhi, limebebwa juu ya gari jingine. Mafundi wa Tajiri walilishughulikia, wakamimina oili nzito kwenye giaboksi, na likanyamaza kugonga kama mtoto aliyepewa kidole anyonye. Kisha Asali alilipiga kofi ubavuni. "Kitambaa, huyu mnajuana. Livue vizuri, kuna mteja anakuja, kijana, anaanza maisha."

Akalivua. Kwenye nyufa za viti alitoa makombo ya biskuti za bintiye na kibanio cha nywele cha bluu kilicholiliwa wiki nzima. Alitoa leso ya mama mkwe. Alipofika nyuma ya kiti cha dereva, akasimama. Zilikuwa pale, nyayo ndogo za vumbi, mbili mbili, juu kwa chini. Alilowesha kitambaa. Alizifuta moja moja, na kila alipofuta moja alifikiri itakuwa ya mwisho, lakini Kifaranga alikuwa mtoto wa mateke mengi.

Bahasha aliitoa mwishoni. Alifikiria kuirudisha. Alifikiria kuificha chini ya tairi la akiba, ambako mteja huenda angechungulia. Aliitia kwenye kifua cha gauni lake, akaikandamiza kwa mkono juu ya nguo. Hapo hapo akamwona Asali amesimama upande wa pili wa gari, anakula embe kwa kisu, anamwangalia.

"Umemaliza?"

"Bado kidogo."

"Haya." Alikata kipande, akakila bila haraka. "Mumeo siku hizi anaendesha nini?"

"Hana gari. Anaomba zamu kwa wenzake, wakiumwa."

"Pole. Basi wewe ndiye baba na mama." Alisema kwa huruma ya kweli, na huo ndio ulikuwa ubaya wake. "Pipa linawaka, wahi kabla moto haujafa."

Alikwenda nyuma ya ukuta. Karatasi hizi aliweza kuzisoma, kila neno, maana Fundi Kobe alikuwa na mwandiko mkubwa wa mtu asiyeandika mara kwa mara. Hakuzisoma. Aliitumbukiza bahasha kama ilivyo na akasubiri. Bahasha nene haishiki moto upesi. Akatafuta kijiti, akaigeuza.

Mteja alikuja mchana, kijana kweli, na mke mjamzito aliyebaki amesimama kivulini. Injini iliimba. "Na karatasi zake za matengenezo?" aliuliza yule kijana, na Asali akacheka, akaanza maneno ya gari na mke. Safari hii hakuna aliyemwita Kitambaa. Hapakuwa na haja.

Aliporudi nyumbani, Baba Kifaranga alikuwa amekaa kizingitini, mtoto amemlalia gotini.

"Limefika kwenu?"

"Limefika."

"Na zile karatasi? Umeziona?"

"Nimeziona."

Kifaranga alikuwa ameshaamka na kumkimbilia. Alivikamata viganja vya mama yake, akajifunika navyo usoni kama anavyofanya kila jioni, kisha akavitoa, akakunja pua.

"Mama, unanuka moshi."

Baba Kifaranga aliangalia barabara kwa muda. Kisha akasogeza miguu yake pembeni, ili mkewe apate pa kupita.

"Maji ya kuoga yako ndani," alisema.